Kilichojaza Diski

Kompyuta kuu ya masjala ya vizazi na vifo iligoma siku ya Jumanne, saa tatu kasoro, wakati foleni ilikuwa imeshatoka mlangoni na kupinda kona ya jengo. Haikugoma kwa kishindo. Iliandika tu maneno mawili kwenye kioo: nafasi imejaa. Mama Nakala, aliyekuwa dirisha la kwanza, akabonyeza tena. Ikaandika tena. Akabonyeza mara ya tatu kwa upole, kama anayembembeleza mtoto ameze dawa, nayo ikaandika vilevile, safari hii na mlio juu.

"Jamani," akasema, "imekataa."

Baba mmoja aliyekuwa upande wa pili wa dirisha, aliyekuja kufuata cheti cha binti yake, aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo.

"Imekataa nini, mama?"

"Imekataa kumwandikisha mwanao. Imejaa."

"Mwanangu ana kilo tatu na nusu tu!"

Watu wa nyuma wakacheka, lakini kicheko cha foleni hakidumu. Kufikia saa nne walikuwa wameanza kupiga vioo kwa funguo.

Mama Nakala alikuwa na miaka kumi na tisa katika masjala ile, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila kutolewa nakala mbili, na ya tatu ya usalama. Mumewe alikuwa akisimulia, mbele ya wageni na bila aibu, kwamba hata barua za uchumba alimwandikia na kubaki na nakala zake. Kwa hiyo kompyuta ilipojaa, macho yote ofisini yalimgeukia yeye.

"Msiniangalie hivyo," alisema. "Nakala zangu ni za karatasi. Ziko kabatini, njooni mhesabu."

Alimpigia simu Mkuu wa masjala. Mkuu hakuwepo. Kusema kweli, Mkuu alikuwa na namna yake ya kutokuwepo: koti lake la kijivu lilitundikwa kwenye kiti chake tangu Jumatatu mpaka Ijumaa, na katibu muhtasi alikuwa na jukumu la kulikung'uta vumbi. Anayemuulizia aliambiwa, "Yupo, ametoka kidogo, koti lake hilo hapo." Wengine walikuwa wamelizoea lile koti kiasi cha kulisalimia.

"Niko kikaoni," Mkuu alinong'ona kwenye simu. Nyuma ya sauti yake ilisikika mashine ya kunyolea.

"Mzee, kompyuta kuu imejaa. Hatuwezi kuandikisha mtu."

"Imejaa nini?"

"Ndiyo hatujui, mzee."

"Basi tafuteni. Na mimi nitatoa waraka."

Waraka ulifika mchana, ukiletwa na dereva. Ulisema kwamba imebainika watumishi wanaijaza kompyuta ya umma kwa uzembe. Kuanzia siku hiyo, majina ya faili yasizidi herufi tano. Maandishi yote yaandikwe kwa herufi ndogo, kwa kuwa herufi kubwa huchukua nafasi kubwa. Ukubwa wa maandishi kwenye vyeti upunguzwe kwa nusu.

Mama Nakala aliusoma mara mbili, akautolea nakala mbili na ya tatu ya usalama, akauweka kwenye jalada la nyaraka. Hakuamini hata neno moja, lakini waraka ni waraka. Vyeti vya kwanza vilivyotoka baadaye vilikuwa na maandishi membamba kama nyayo za sisimizi. Bibi mmoja alirudi na cha mjukuu wake, akakisogeza dirishani.

"Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

Mama Nakala akavua miwani, akaivaa, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. "Ni jina la mtoto, bibi."

"Jina gani?"

Ikabidi waite mwenye macho.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile ya Jumanne, ili foleni isije ikaingia ndani kwa nguvu, ilibidi kwanza ipatikane nafasi, na ili ipatikane nafasi ilibidi apatikane mkosaji. Ofisi haikuwa na uhaba wa watuhumiwa. Mhasibu alikutwa na giga nne za filamu za kupigana. Aliapa kwamba ni za mafunzo.

"Mafunzo ya nini?" Mama Nakala akamuuliza.

"Ya… kujihami."

"Dhidi ya nani, ndugu yangu? Wewe unakaa na kikokotoo."

Zikafutwa. Mhasibu alizitazama zikiondoka moja moja, midomo ikimcheza kama anayeaga jamaa stendi. Kisha ikaja zamu ya katibu muhtasi, aliyekuwa amehifadhi giga saba za picha za harusi ya dada yake. Huyo alilia hasa.

"Hii ni picha ya bibi harusi anashuka garini!"

"Na hii?"

"Anashuka bado."

"Na hizi thelathini na mbili?"

"Gauni lilikuwa refu, Mama Nakala, lilichelewa kushuka!"

Alipewa nafasi ya kuchagua tano. Alichagua kwa saa nzima, zilizobaki zikafutwa, na kwa siku nyingi hakumsalimia Mama Nakala. Lakini kompyuta ilikubali kufanya kazi, yule baba akaondoka na cheti cha bintiye, na Mkuu akapiga simu kuwapongeza kwa kutekeleza waraka.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu kasoro, ikaandika tena: nafasi imejaa.

Mama Nakala akapiga hesabu. Giga kumi na moja zilikuwa zimeliwa kwa siku sita, na wote walikuwa wametii waraka mpaka kuita mafaili ya watoto "mtoa" na "mtob". Kwanza alifikiri katibu muhtasi amerudisha harusi kwa siri. Alimtazama usoni, akaona hapana. Yule mtu bado alikuwa na msiba. Akafuta takataka nyinginezo, video za sherehe za miaka iliyopita na za mashindano ya kuvuta kamba, akapata giga kama ishirini za kupumulia. Halafu akafanya kile alichokijua: alifungua daftari. Kila asubuhi aliandika nafasi iliyobaki, na kila jioni aliandika tena. Jumanne zilipungua karibu giga mbili. Jumatano karibu mbili. Alhamisi, Ijumaa, vilevile. Jumapili aliomba funguo kwa mlinzi, akaingia peke yake katika jengo lisilo na mtu, akatazama.

Karibu giga mbili.

Alikaa kwenye kiti, daftari mapajani. Siku ya mapumziko, taa zimezimwa, mhasibu yuko kwao, katibu muhtasi yuko kwao, na kitu kinaandika. Hakuwa mtu wa kuogopa ovyo, lakini alifunga mlango haraka kuliko alivyoufungua, na mlinzi alipomuuliza kama amepata alichokifuata alimjibu, "Nimekipata, na sikitaki."

Nyumbani alimweleza mumewe, na mumewe akasema kuna dawa moja tu: shemeji.

Shemeji alikuwa ameoa mdogo wake Mama Nakala, na alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Alikuwa mnene, mcheshi, na hakuna siku aliyomsalimia shemeji yake bila kumchokoza. Alifika ofisini Jumatatu wakati wa chakula, flashi ikining'inia shingoni kama hirizi.

"Shemeji yangu, nimesikia unafukuzana na mashetani kwenye kompyuta."

"Acha utani. Waraka umenishinda, machozi ya watu yamenishinda. Niambie ni nini kinakula."

"Wewe umetafutaje?"

"Nimewauliza watu."

Shemeji akacheka mpaka kiti kikalia. "Watu! Shemeji, mtu akiulizwa anataja jirani. Iulize kompyuta."

Waliingia kwenye chumba cha chini ya ngazi, ambako kompyuta kuu iliishi pamoja na mafagio, ndoo mbili na feni mbovu. Shemeji akachomeka flashi, akafungua programu ndogo. Ilipiga hesabu kwa muda, kisha kioo kikajaa visanduku vya rangi. "Kila kisanduku ni faili au folda," alieleza, akinyoosha kidole kinene. "Kikubwa ni kinachokula sana. Kidogo ni kinachokula kidogo. Hapa hakuna kujitetea."

Mama Nakala akasogeza miwani. Pembeni kabisa, chini, palikuwa na kijisanduku cha kijani ukubwa wa kucha.

"Hicho ni nini?"

"Hicho," Shemeji akasoma, "ni vyeti vyote. Vizazi na vifo, miaka kumi na mmoja. Giga tisa."

Mama Nakala akakiinamia. Miaka kumi na mmoja ya watu wote waliozaliwa na kufa katika eneo lile, na majina ya baba zao na mama zao, aliyoyaandika yeye mengi kwa mkono wake, ilikuwa imejikunja pale kama paka kwenye kona. Kioo kilichobaki chote, kutoka ukingo hadi ukingo, kilikuwa kisanduku kimoja chekundu.

"Na hiki?"

"Hiki ndicho shetani wako. Giga mia nane na tisa."

Shetani alikuwa amejificha vizuri. Folda ilikuwa ndani ya folda iliyoitwa Muhimu, iliyokuwa ndani ya nyingine iliyoitwa Muhimu Sana, na juu yake Muhimu Kabisa, na juu ya zote Usiguse. "Mtu akiandika usiguse," Shemeji alisema huku akigusa, "ujue yeye mwenyewe hajagusa tangu siku hiyo."

Ndani mlikuwa na video, moja kwa kila siku, mia nne ishirini na sita. Akafungua ya kwanza iliyomjia. Lami, mistari miwili myeupe, mnyororo, kibao. Hakuna kilichotembea. Akaruka mbele saa moja: lami, mistari, mnyororo. Akaruka saa tatu: njiwa alipita kwa miguu.

"Hii filamu haina mwigizaji," Shemeji akalalamika.

Lakini Mama Nakala alikuwa ameshakisoma kibao. Kilisema: MAHALI PA MKUU WA MASJALA TU.

Hapo ndipo alipokumbuka. Mwaka uliopita Mkuu alikuja siku moja akakuta gari la mtu mwingine mahali pake, akawaka. Akaagiza kamera ifungwe kuelekea pale ili wahalifu wanaswe. Mafundi walikuja, wakafunga, wakauliza video zihifadhiwe wapi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefikiria hilo, wakaambiwa waziweke kwenye kompyuta kuu kwa muda. Wiki ile ile mlinzi akaweka mnyororo, na hakuna mhalifu aliyeonekana tena. Kamera haikuambiwa. Ilibaki juu ya nguzo usiku na mchana, ikirekodi mahali pa Mkuu kwa uaminifu mkubwa.

"Subiri kwanza," alisema Shemeji, macho yakianza kumng'aa. "Shemeji, hili gari la bosi wenu huwa linakuja lini?"

Alijua namna ya kupanga vijipicha vidogo, kimoja kwa kila mara kitu kilipotembea, na kufungua video yake papo hapo. Walikaa wakatazama, yeye akisogeza, Mama Nakala akiandika kwenye daftari. Katibu muhtasi, aliyekuja kutafuta ndoo, akasimama nyuma yao, akasahau ndoo na kinyongo pamoja. Mhasibu akaja kumtafuta katibu muhtasi. Mwisho wakawa wamebanana mlangoni wote, wakishangilia kila gari lilipotokea kama watu wanaotazama mpira.

"Lile pale! Lile pale!"

"Linaingia… limeingia… Jamani, mbona linatoka?"

"Amegeuza tu!"

Katika siku za kazi zaidi ya mia mbili na themanini, gari lilikuwa limeonekana siku thelathini na nane. Katika hizo, nne lilikuja kugeuza. Mhasibu alicheka mpaka akashikilia fagio. Mama Nakala hakucheka sana. Alikuwa anawaza kwamba ni yeye, si Shemeji, atakayelazimika kulisema jambo hili kwa mdomo.

Mkuu alifika Jumatano, siku ya thelathini na tisa. Alikuwa amenyolewa vizuri. Alimwita Mama Nakala ofisini, akakaa juu ya koti lake bila kulitoa.

"Haya. Umempata mkosaji?"

"Nimempata, mzee."

"Nani?"

"Ni mahali pako pa kuegesha gari, mzee."

Mkuu akakunja uso. "Gari langu limejaza kompyuta?"

"Hapana, mzee. Gari likiwepo au lisipokuwepo, kamera inarekodi vilevile. Ni pale mahali penyewe. Pakiwa patupu."

Akamweleza yote taratibu, akamfungulia daftari. Mkuu alifuata mistari kwa kidole. Alipofika kwenye thelathini na nane kidole kikasimama, na masikio yake yakaanza kubadilika rangi kutoka juu kwenda chini. Mama Nakala akatazama dirishani ili kumpa nafasi.

"Nani mwingine ameona haya?"

"Sisi wachache tu, mzee. Mimi, mhasibu, katibu muhtasi. Dereva. Na shemeji yangu. Na mlinzi."

"Futa."

"Ndiyo, mzee. Fomu hii hapa."

"Fomu gani tena?"

"Ya kuteketeza kumbukumbu. Nakala inakwenda makao makuu." Akaiweka mezani, imeshajazwa kwa mwandiko wake wa duara. "Kisanduku namba sita kinataka tueleze kwa ukamilifu kilichomo."

Mkuu akasoma: Video za mahali pa Mkuu pa kuegesha gari, siku mia nne ishirini na sita, gari likiwepo siku thelathini na nane.

"Hii ya thelathini na nane ni ya lazima?"

"Imeandikwa kwa ukamilifu, mzee."

"Andika 'video za usalama'. Inatosha."

"Usalama wa nini, mzee? Watauliza."

Walivutana nusu saa nzima. Mkuu alipendekeza "video mbalimbali". Akapendekeza "mandhari". Mama Nakala hakuwa mkaidi, na wala hakuwa na nia ya kumfedhehesha mtu. Ila kwa miaka kumi na tisa hajawahi kutia uongo kwenye kisanduku, na mkono wake haukujua njia. Mwishowe Mkuu mwenyewe alichukua kalamu, akafikiri, akaandika: Video za mahali pa Mkuu pa kuegesha gari, Mkuu akiwa kwenye majukumu ya nje. Akatia sahihi kwa kasi, kama mtu anayekanyaga mende.

Mama Nakala aliisoma ile sentensi. Haikuwa yake, sahihi haikuwa yake. Akaitolea nakala mbili na ya tatu ya usalama, na mchana huo giga mia nane na tisa zikaondoka. Kompyuta ikawa nyepesi mpaka vyeti vikatoka kabla mtu hajamaliza kukohoa, na ukubwa wa maandishi ukarudishwa bila waraka.

Lakini kamera ilikuwa bado juu ya nguzo. Mkuu aliuliza, kama utani, kama haiwezekani kuing'oa. Mama Nakala akamwambia inawezekana kabisa, kuna fomu, na ina kisanduku cha sababu. Mkuu akasema basi, iache.

Kesho yake alikuja saa moja na nusu. Na keshokutwa yake. Akaja wiki nzima, akiegesha gari katikati kabisa ya mistari na kuitupia ile nguzo jicho kabla ya kufunga mlango. Kwa ofisi lilikuwa janga. Mtu asiyekuwa na kazi, akiwepo, lazima aitengeneze. Aliitisha kikao cha asubuhi na kikao cha kutathmini kikao cha asubuhi. Alihamisha kabati, likarudi, likahama. Katibu muhtasi aliyekuwa akimwombea aje alianza kumwombea safari.

"Mama Nakala," mhasibu alimnong'oneza, "kwa nini hukuandika 'mandhari'?"

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, karani anayeita majina mlangoni aliamka hana sauti. Mkuu, ambaye hakuwa na kikao mpaka saa tano, alisema ataita yeye. Alikuwa na sauti nene na alijua hivyo. Alichukua orodha akatoka. Hakuna aliyemjua. Walikuwa wamelizoea koti, na leo alikuwa hakulivaa.

"We kaka!" mama mmoja akamfokea kabla hajaita hata jina la tatu. "Hapa tumefika saa kumi na moja alfajiri. Mnatuita mmoja mmoja kama mnatupa pipi!"

"Muulizeni bosi wenu anakunywa wapi chai yake!" mwingine akadakia.

Mkuu akaita majina. Aliita mpaka orodha ya kwanza ikaisha, akaletewa ya pili, akaita hiyo pia, na hakujitambulisha. Aliporudi ndani shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alisimama nyuma ya kiti cha Mama Nakala, akitazama kupitia kioo mstari wa watu uliopinda kona.

"Hivi hawa," aliuliza kwa sauti ya chini, "wanakuja kila siku?"

"Kila siku, mzee."

"Wote hawa?"

"Leo ni wachache. Mvua inatishia."

Akanyoosha kidole. "Lile dirisha la tatu, mbona limefungwa?"

"Karani wake alihamishwa, mzee. Tuliandika barua uombe mwingine."

"Barua iko wapi?"

"Juu ya meza yako."

"Tangu lini?"

Mama Nakala alijua tarehe, na alikuwa na nakala, lakini hakuitaja. Alimhurumia, kwa mara ya kwanza tangu amjue. "Ukianza na zilizo juu," alisema, "utaikuta."

Mkuu akaingia ofisini kwake, akafunga mlango. Kikao cha saa tano hakikuitishwa na hakuna aliyekikumbusha. Katibu muhtasi alipompelekea maji alimkuta ameshusha lundo lote sakafuni, amevua viatu, anasoma barua moja baada ya nyingine, na kufikia saa ya chakula alikuwa amefika mwezi wa sita wa mwaka uliopita.